Kamera ya Rafiki

Kijana wa Lushoto amepata safari ya Roma. Rafiki yake anayo kamera ya thamani, nayo ndiyo jembe lake: kwayo hupiga picha za arusi toka Soni hata Mlalo, na za wageni wapandao Irente kutazama nyika ya Umasai. Je, ni haki kuiazima?

Kuazima si kosa, lakini kuna sharti. Sheria ya Musa, katika sura ya 22 ya Kitabu cha Kutoka, yaamuru kwamba aliyeazima kitu cha jirani, kikaharibika mwenyewe asipokuwapo, hana budi kulipa. Haiulizi kama alizembea. Nasi twaona sababu yake: faida yote ni ya aliyeazima, si haki hasara iwe ya mwenye mali.

Basi, kabla hajaomba, kijana na ajiulize: ikiibwa, nitaweza kulipa? Kama hawezi, asiombe. Maana rafiki huona haya kukataa, na haya si ridhaa. Naye akataaye kutoa chombo cha riziki yake asiitwe bahili. Wazee walisema: kukopa arusi, kulipa matanga. Afadhali kurudi bila picha kuliko kurudi bila rafiki.