Mlinzi Aliyepiga Tarumbeta

Nabii Ezekieli, katika sura ya 33, anaeleza kazi ya mlinzi wa mji. Mlinzi akiuona upanga unakuja asipige tarumbeta, damu ya watakaokufa itatakwa mkononi mwake. Akipiga, na watu wasijali, damu yao iko juu ya vichwa vyao wenyewe. Hesabu imefungwa. Lakini kuna jambo ambalo sura hiyo hailisemi, nalo limenisumbua tangu niliposoma habari za Roméo Dallaire, jenerali mstaafu wa Kanada: baada ya mji kuangamia, huyo mlinzi aliyepiga tarumbeta analala usingizi?

Dallaire alizaliwa Uholanzi mwaka 1946, baba yake akiwa askari wa Kanada na mama yake Mholanzi. Alikulia Montreal katika familia ya Kikatoliki, akamfuata baba yake jeshini, akawa afisa wa mizinga. Mwaka 1993 alipewa uongozi wa kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini Rwanda. Kazi yake ilikuwa kusimamia mkataba wa amani uliotiwa sahihi hapa kwetu Arusha, tarehe 4 Agosti mwaka huo. Alikuwa na askari wapatao 2,500, na amri ya kutotumia silaha ila kwa kujihami.

Tarehe 11 Januari 1994 alipiga tarumbeta. Aliwaandikia wakuu wake New York kwamba mtu wa ndani amemweleza habari za silaha zilizofichwa Kigali, na za Watutsi wanaoorodheshwa ili wauawe. Akasema anakusudia kuzikamata silaha hizo. Jibu likaja kwamba asifanye hivyo, maana ni nje ya mamlaka aliyopewa.

Tarehe 6 Aprili ndege ya Rais Habyarimana, iliyokuwa ikitoka mkutanoni Dar es Salaam, ilitunguliwa. Kesho yake waliuawa Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana na askari 10 wa Ubelgiji waliotumwa kumlinda. Tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama likaamua kikosi kipunguzwe hadi watu 270. Dallaire hakukubali kuondoka. Naibu wake, Henry Anyidoho wa Ghana, naye akabaki na vijana wake. Wakawa kama 450 hivi, wakiwalinda maelfu ya watu waliokimbilia uwanja wa michezo wa Amahoro na mahali pengine. Nje ya kuta hizo, katika siku zipatazo 100, waliuawa watu wanaokadiriwa kufikia 800,000. Sisi watu wa kanisa tusilipite hili haraka: wengi waliuawa ndani ya makanisa, kama Ntarama na Nyamata, walikokimbilia wakidhani nyumba ya Mungu itawakinga.

Dallaire alirudi nyumbani akiwa mzima wa mwili. Jeshi lilimstaafisha mwaka 2000 kwa sababu ya ugonjwa, maana akili yake ilikuwa bado Kigali. Miezi michache baadaye alikutwa amelala chini ya benchi katika bustani ya mjini, amechanganya pombe na dawa. Yeye mwenyewe ameeleza hadharani kwamba alijaribu zaidi ya mara moja kujiua.

Basi swali ni hili. Je, mtu huyu ana hatia? Wapo waliomlaumu, hasa Ubelgiji, kwa vifo vya wale askari 10. Siku ile alipita kwa gari karibu na kambi walimoshikwa, akaona wawili wao wamelala chini, na hakujaribu kuwaokoa kwa nguvu kwa sababu aliona hana nguvu hiyo. Yeye hakulificha jambo hilo. Aliliandika katika kitabu chake cha mwaka 2003. Hata hivyo, nikiipima habari yote kwa kipimo cha Ezekieli, naona mlinzi aliyepiga tarumbeta na kubaki mlangoni walipoondoka wenzake.

Lakini yeye hakujihesabia haki hiyo. Hapa ndipo namkumbuka Pilato, aliyenawa maji mbele ya makutano (Mathayo 27:24). Pilato alikuwa na uwezo wa kumwachilia Yesu, akajitangaza hana hatia. Dallaire alinyimwa uwezo, na hakuyatafuta maji. Mwaka 2004 alikuja Arusha kutoa ushahidi mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda. Miongoni mwa washtakiwa alikuwemo Kanali Théoneste Bagosora, ambaye mwaka 1994 alikuwa mkuu wa ofisi ya Waziri wa Ulinzi. Naye alikuwa mwanajeshi mstaafu. Bagosora alikana mashtaka yote. Mahakama ilimtia hatiani mwaka 2008, na mwaka 2011 rufaa ikampa kifungo cha miaka 35. Wastaafu wawili, chumba kimoja. Aliyekuwa na nguvu alisema mikono yake ni safi, na aliyeachwa bila nguvu ndiye aliyekuwa hapati usingizi.

Mtu ataniambia, "Kama dhamiri inamsumbua, bila shaka lipo alilolikosa." Hoja hii naisikia mara nyingi katika vikao vyetu, nami naikataa. Luka 19:41 inasema Yesu alipoukaribia Yerusalemu aliulilia. Aliulilia mji alioulinda na kuuonya, nao haukusikia. Yule asiye na dhambi alilia. Kwa hiyo si kila machozi ni ya hatia. Yapo machozi ya mtu aliyependa akashindwa kuokoa, na mtu wa namna hiyo ukimwambia "tubu" unamwongezea jeraha. Ukimwambia "si kosa lako, sahau" unamwambia kwamba waliokufa hawakustahili kuliliwa.

Tufanye nini basi? Nabii Eliya alikaa chini ya mretemu akaomba afe (1 Wafalme 19). Mungu hakumkemea, wala hakumhubiria. Alimwacha alale, akamtuma malaika na mkate na maji, mara mbili. Maneno yalikuja baadaye, kule Horebu. Na baada ya maneno ikaja kazi: rudi, kawapake mafuta Hazaeli, Yehu na Elisha. Eliya hakurudishwa katika siku za Karmeli. Alipewa kazi nyingine, akiwa na uchungu wake uleule.

Naiona njia hiyo katika miaka ya Dallaire baada ya ile bustani. Alitibiwa, tena kwa muda mrefu, na akasema wazi kwamba ni mgonjwa, jambo ambalo majenerali hawalizoei. Alikuwa seneta wa Kanada kuanzia 2005 hadi 2014. Mwaka 2007 alianzisha kazi ya kuzuia watoto wasifanywe askari, kwa sababu Rwanda aliwaona vijana wadogo wakishika mapanga kwenye vizuizi vya barabarani. Hakuna lolote kati ya hayo lililomfufua hata mtu mmoja wa Ntarama. Sidhani naye alitazamia hivyo. Deni la namna ile halilipiki, na Injili haijatuambia tulilipe. Inatuambia aliyelichukua ni nani, ili mikono yetu iwe huru kushika jembe tena.

Ndugu msomaji, si lazima uwe jenerali ili ubebe mzigo kama huu. Katika usharika wetu yupo muuguzi aliyeita daktari usiku kucha, na daktari akaja mama ameshakata roho. Yupo baba aliyemwonya mwanawe asipande chombo kile. Wapo askari wastaafu wanaokaa kiti cha nyuma na kutoka kabla ya baraka, wasiulizwe kitu. Sisi tunawahi kuwaambia, "Mwachie Mungu," halafu tunaondoka kwenda kunywa chai.

Malaika wa Eliya hakusema hivyo. Alileta mkate, akangoja, akaleta tena. Jumapili ijayo mtu wa namna hiyo akitoka mapema, mfuate. Usiende na mahubiri. Mpeleke nyumbani ale, na akitaka kusema, mwache aseme hadi mwisho, hata kama ni habari uliyoisikia mara kumi. Wakati wa kazi utafika, na atakayemwita ni Mungu.