Alama ya Kusimama

Anayesoma Suratul-Maun akasimama kwenye aya ya nne hubaki na onyo kwa wenye kuswali, bila kujua ni wenye kuswali gani. Aya ya tano ndiyo inayobainisha: ni wale wanaoghafilika na swala zao. Hilo kila mtoto wa madrasa ameambiwa. Mfano wa pili nimeupata kwa mwenzangu anayesoma baiokemia, tulipokaa nje ya msikiti hapa Nakasero baada ya Alasiri akinieleza habari za arkea.

Arkea ni viumbe wa seli moja, wadogo kama bakteria lakini si bakteria. Mmoja wao, Methanocaldococcus jannaschii, aliyesomwa jeni zake zote mwaka 1996, alipatikana chini ya Bahari ya Pasifiki kwenye matundu ya maji ya moto, na hutengeneza gesi ya methani. Kama sisi, hujenga protini kwa kusoma ujumbe wa RNA herufi tatu tatu. Herufi UGA (ndizo hizohizo wanazovaa wanariadha wetu kifuani) kwa kawaida humaanisha: simama, protini imekwisha. Lakini katika baadhi ya ujumbe wake UGA haisimamishi kitu. Huamuru iwekwe asidi amino adimu yenye madini ya seleni, iitwayo selenosisteini, ambayo vimeng'enya vyake kadhaa vya kutengenezea methani huitegemea.

Kinachogeuza maana ni mkunjo mdogo katika RNA hiyohiyo. Kwa bakteria mkunjo huo uko jirani na UGA. Kwa arkea, kama kwetu binadamu, kwa kawaida uko mbali, baada ya ujumbe wa protini kwisha. Yaani dalili ya kulielewa neno la katikati imewekwa nyuma ya nukta ya mwisho! Wanausuli wangeiita qarina. Na qarina peke yake haitoshi. Asidi hiyo huanza kama serini, ikaongezwa fosfati, kisha fosfati ikaipisha seleni. Seleni ikikosekana, usomaji hukatika kwenye UGA na protini hubaki kipande. Sisi seleni tunaipata kwenye chakula, samaki wa soko la Nakasero wakiwemo.

Sisemi kwamba Qur'ani ilitabiri seleni. Uandishi wa namna hiyo umetuchosha, na nadharia ikibadilika hutuachia aibu. Swali langu ni la kimaadili: nina haki gani ya kumhukumu mtu kwa neno lake kabla sijafika mwisho wa maneno yake?

Muhula huu kipande cha sekunde chache cha darsa la ustadhi mmoja kimezunguka kwenye simu zetu, na kijana anayehudhuria kwake sasa haitikiwi salamu. Darsa lenyewe ni la karibu saa nzima.

Mtu atasema: tukisubiri mwisho wa kila kauli, hatutatenda kamwe. Hoja hiyo ni nzito, na ni ya zamani. Ibn Surayj aliona lafudhi ya jumla isitumiwe mpaka itafutwe takhsisi yake, yaani kinachoiwekea mipaka. As-Sayrafi akaona itumiwe papo hapo. Katika ibada namwelewa as-Sayrafi, kwani Magharibi haimsubiri mtafiti. Lakini heshima ya mtu haina wakati wa kutoka. Nikinyamaza siku mbili nikilitafuta darsa zima, sijapitwa na faradhi yoyote, na kama ustadhi amekosea kweli, kosa lake litakuwa bado lipo siku ya tatu.