Sungura, Tundu na Uadilifu

Wako wasemao kwamba kuwafungia sungura wa nyama katika matundu ya waya ni dhulma. Afadhali waishi pamoja uani. Neno hili lina ukweli, kwani waya huchubua nyayo, na tundu dogo humnyima mnyama hata kujinyoosha. Lakini uani nako majike hupigana, mmoja huweza kuua vitoto vya mwenziwe, na kinyesi kikirundikana maradhi ya tumbo huenea.

Basi, ndugu msomaji, uadilifu si kuondoa waya tu. Auondoaye, kazi ya waya huo imekuwa juu yake: kutenga madume, kumpa kila jike kisanduku chake cha kuzalia, kufagia kila siku. Asiyeyaweza hayo amebadili dhulma kwa dhulma. Tumehalalishiwa nyama ya sungura kwa kisu. Hatukuhalalishiwa mateso yake kabla ya kisu.