Dawa ya Kuongeza Damu

Mdogo wangu ana selimundu. Nilishaacha kuhesabu mara alizoongezewa damu. Safari moja alitoka wodini akiwa mnyonge, nikapitia duka la dawa na kununua vidonge vya madini ya chuma. Kila jioni nilimsimamia mpaka ameze. Siku ya kliniki daktari aliviona, akauliza, “Dada, nani kamwandikia hivi?”

Hakuna aliyemwandikia.

Usiku ule nilisoma. Uniti moja ya damu hubeba miligramu 200 au zaidi za chuma, ilhali mwili hupoteza miligramu 1 hadi 2 tu kwa siku. Ziada hujilundika kwenye ini na moyo. Mwaka 2012, maabara ya Brent Stockwell katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ilikipa jina kifo cha seli kinachotegemea chuma: feroptosisi. Mafuta ya utando wa seli huchacha, kama mafuta ya kupikia yaliyokaa sana. Seli ina mlinzi wake, kimeng’enya kiitwacho GPX4, anayeyatengeneza upya. Mlinzi akizidiwa, utando hupasuka.

Je, nilimkosea mdogo wangu? Rafiki zangu wanasema hapana, nia yangu ilikuwa njema. Lakini chuma nacho hakina nia mbaya. Ndicho kinachobeba oksijeni ndani ya damu yetu sote. Hata kifo chenyewe si kibaya siku zote: watafiti wanatafuta namna ya kukichochea ndani ya seli za saratani. Ubaya hutegemea mahali, kiasi, na kama mlinzi yupo.

Upendo wangu haukuwa na mlinzi. Mlinzi angekuwa swali moja tu: “Dokta, nimpe?” Sikuuliza, na si kwa kukosa nafasi. Kuuliza kungenilazimu kusubiri, nami nilichoka kukaa pembeni ya kitanda bila la kufanya. Vile vidonge vilikuwa dawa yangu mimi. Yeye alinimezea tu. Kutojua naweza kujisamehe. Kutotaka kujua, bado.

Siku hizi akizidiwa namuuliza kwanza anataka nini.

“Maji, dada,” hunijibu. “Halafu kaa hapa.”