Kazi ya Wengi, Jina la Mmoja

Twajua sote kwamba shamba huvunwa kwa mikono mingi, lakini mavuno huitwa kwa jina la mmoja. Je, desturi hiyo ni haki? Na tulipime swali hili kwa habari za Cyrus McCormick wa Marekani, aliyezaliwa mwaka 1809 katika jimbo la Virginia.

Siku zile ngano ilikatwa kwa mkono. Tena ngano ikiisha kuiva haingoji: punje hupukutika, au mvua huiharibu, katika siku chache tu. Kwa hiyo mkulima hakuthubutu kupanda kuliko alivyoweza kuvuna. Robert, baba yake Cyrus, alijaribu miaka mingi kuunda mashine ya kuvunia, asifaulu. Mwaka 1831 mwanawe aliionyesha yake shambani. Ilivutwa na farasi, na gurudumu lake lilipozunguka liliupeleka wembe huku na huku, ukakata mabua, yakaangukia ubao ulio nyuma. Mwaka 1834 serikali ilimpa hati ya uvumbuzi. Mwaka 1847 alijenga kiwanda Chicago, karibu na nchi ya ngano, akawauzia wakulima mashine kwa kulipa kidogo kidogo. Moto ulipokiteketeza kiwanda mwaka 1871, alikijenga tena, naye amekwisha kupita miaka 60. Alikuwa mtu wa kanisa, akatoa mali nyingi kwa chuo cha wachungaji. Sifa yake si ya bure.

Lakini alikuwapo na mwingine. Jo Anderson, mtumwa katika shamba la jamaa ya McCormick, alifanya kazi pamoja na Cyrus katika kuiunda mashine ile. Jina lake halimo katika hati. Hata mwaka 1858 mwanasheria mkuu wa serikali ya Marekani alitoa shauri kwamba uvumbuzi wa mtumwa haupewi hati, wala kwa jina lake mwenyewe wala kwa jina la bwana wake. Basi sheria ilikubali kumhesabu mtu kuwa mali, isikubali kukiri kwamba mtu huyo ana akili.

Labda mtu atasema, "Fikira ilikuwa ya Cyrus, Anderson alikuwa mkono tu." Twajibu: Cyrus naye aliianza fikira hiyo kwa kazi ya baba yake, wala hakuna amwitaye Robert mkono tu. Mwingine atasema, "Msaidizi hupewa ujira, yatosha." Naam, mtu huru hupatana na kulipwa, lakini mtumwa hakuulizwa wala hakulipwa. Mtume Yakobo aliwaonya matajiri juu ya ujira wa wavunaji uliozuiliwa, na onyo lile halikuandikwa kwa watu wa zamani peke yao.

Heshima si kama gunia la ngano, lipungualo likigawanywa. Kumtaja Anderson hakumnyang'anyi McCormick kitu. Huongeza kweli tu. Nasi tuletapo malimbuko kanisani, tusiseme, "Nimelima," tukamsahau mke aliyepalilia na kibarua aliyebeba. Kibarua apewe kwanza ujira wake, wala asicheleweshwe; kisha kila mmoja atajwe kwa jina lake. Atakayetoa jina bila ujira amedhihaki, na atakayetoa ujira bila jina amelipa nusu ya deni.