Kununua nyumba bila kuiona



Wako watu wanaonunua nyumba hapa Bukavu bila kuikanyaga. Mmoja yuko Ulaya, anatuma dola kwa mkubwa wake. Mwingine yuko hapa hapa Ibanda, lakini anaona kupanda mpaka Kadutu ni kujichosha bure, anamwachia komisionere. Na wakati muuzaji ni mtu wa kanisa, tunasikia neno hili: kwenda kuchunguza nyumba ya ndugu ni kumhesabu kuwa mwongo. Neno hilo linafanana na upendo, lakini si upendo.

Kuta hazina kanisa. Mji wetu umejengwa juu ya miteremko, na udongo wake unaporomoka mvua ikizidi. Tetemeko la tarehe 3 Februari 2008 lilipasua nyumba nyingi, na nyufa zingine zilifunikwa kwa simenti na rangi. Muuzaji mwenyewe anaweza kuwa hajui. Basi twende siku ya mvua, si mwezi wa saba ambapo kila nyumba ni nzuri. Tuone maji ya jirani wa juu yanapita wapi, na kama milango inafungika bila kukwama. Katika Walawi sura ya 14, mwenye nyumba yenye madoa alipashwa kwenda yeye mwenyewe kumwambia kuhani. Kuhani akaja kuona, akafunga nyumba siku 7, kisha akarudi kuona tena. Hayo hayakuitwa matusi.

Lakini nyufa ni jambo dogo. Jambo kubwa ni watu walio ndani.

Karatasi inaonyesha jina la marehemu na nambari ya kiwanja. Haionyeshi mama aliye jikoni. Tangu mwaka 1987 kitabu cha sheria za jamaa cha inchi yetu kinampa mjane haki ya kuendelea kutumia nyumba aliyoishi na mume wake. Hata hivyo tunajua vile mambo yanavyokwenda: wakubwa wa marehemu wanakaa kikao, wanatafuta mnunuzi wa mbali, na bei inashuka haraka. Kwa nini inashuka? Kwa sababu mnunuzi wa mbali hataona. Wa karibu angekuta sufuria motoni na watoto wakitoka masomo, naye angeuliza: hawa wanaenda wapi?

Sasa mtu huyo wa mbali akisema baadaye kwamba hakujua, je, hana kosa? Sisi tunaona kuna kutojua kwa namna mbili. Yule aliyeuliza akadanganywa, amedhulumiwa pamoja na mjane. Lakini yule aliyekaa mbali kusudi asiulize, kutojua kwake amekununua pamoja na nyumba, na ndiko kulikopunguza bei. (Wengine wanatuambia walikwisha kuiona nyumba katika ndoto. Ndoto haipimi mipaka.)

Abrahamu alikuwa mgeni, tena alikuwa na maiti ya mke wake ya kuzika. Angeweza kufanya haraka. Mwanzo sura ya 23 inaeleza kwamba Efroni alitaka kumpa shamba na pango bure, naye akakataa, akapima shekeli 400 za feza mbele ya watu wote waliokuwa kwenye mlango wa mji, na shamba likatajwa pamoja na miti yake na mipaka yake.

Na kama mjane mwenyewe anataka kuuza? Basi aseme kwa kinywa chake, ndani ya nyumba ile, mbele ya watoto wake waliokomaa, majirani wa pande mbili na shefu wa avenyi. Aliye Ulaya ao asiyeweza kuja, atume mtu asiyekula kitu katika biashara hiyo, si komisionere, maana yeye analipwa tu nyumba ikiuzwa. Na sehemu ya mama ihesabiwe mkononi mwake, isipitie kwa shemeji.