Kumtupa Mtu Mbali

Maji ya Luama yapitayo katika nchi yetu ya Kabambare huingia Lualaba, hupita upande wa Kasongo, hupita Kindu, kisha hushuka mpaka Lowa. Huko Lowa, zamani za Wabelgiji, palikuwa na kambi ya watu waliohamishwa kwa nguvu. Miongoni mwao walikuwamo wafuasi wa Simon Kimbangu, waliotoka Kongo ya Chini, karibu na bahari. Amri ya 1910 iliwaruhusu wakubwa wa Serikali kumhamisha mtu pasipo kumpeleka mbele ya hakimu.

Kimbangu mwenyewe alianza kuhubiri Nkamba mwezi wa Aprili 1921. Tarehe 3 Oktoba mwaka ule ule baraza la askari lilimhukumu kufa. Hakuwa na mtu wa kumtetea. Mfalme Albert akaigeuza hukumu kuwa kifungo cha maisha, naye akapelekwa Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka kwao. Alifia kifungoni tarehe 12 Oktoba 1951. Tuseme kweli: hata wamisionari wa Kanisa letu walikuwamo waliotaka akomeshwe.

Desturi hiyo haikuzaliwa Kongo. Tangu 1788 mpaka 1868 Waingereza walipeleka Australia wafungwa zaidi ya 160,000, wengi wao wezi tu. Wengi walipewa miaka saba. Lakini aliyeimaliza alijitafutia mwenyewe nauli ya meli, na kwa hiyo wengi hawakuwaona tena wazee wao.

Je, ni haki kumtupa mtu mbali namna hiyo? Hatukatai kwamba mji una haki ya kujilinda, na mwizi ana deni la kulipa. Lakini adhabu ya haki ina mipaka miwili: ipimwe kwa kosa, tena iishie kwa mkosaji. Kimbangu alipochukuliwa, mkewe Marie Muilu alibaki na wana watatu. Mdogo wao, Joseph, alikuwa na miaka mitatu. Mtoto huyo alikosa nini?

Mwaka 2011 baraza kuu la askari la nchi yetu liliifuta hukumu ile ya 1921. Ni vema. Lakini hukumu ikifutwa, miaka 30 haifutiki.

Ndugu, tusiwalaumu Wabelgiji peke yao. Sisi hatuna meli wala kambi, lakini mtoto akifa kijijini, mara bibi kizee anaitwa mchawi. Nyumba yake inachomwa, naye anafukuzwa usiku pamoja na wajukuu wake. Nani alimtetea? Nani alipima kosa lake? Na wajukuu je? Baraza la Thysville lilikaa angalau siku kadhaa. Letu humaliza neno kwa usiku mmoja.

Kaini alimwua ndugu yake kweli, akafukuzwa. Hata hivyo Mungu alimtia alama ili mtu yeyote asimwue. Ikiwa mwuaji alilindwa hivyo, je, yule ambaye kosa lake halijulikani?

Basi neno kama hilo likizuka kwetu, tusimame mlangoni pa yule bibi kabla ya vijana kufika na moto. Na kama amekwisha kufukuzwa, tumfuate tumrudishe angali hai. Mwili wa Kimbangu ulirudishwa Nkamba mwaka 1960, lakini mwenyewe hakujua kwamba amerudi.